Kutoka shimoni hadi mfukoni: msumeno katika nchi ya Sondu

Barabara ya kutoka Ahero kwenda Kisii ikifika Sondu hupokea ile inayoteremka kutoka Kapsoit, upande wa Kericho. Soko la Sondu lilizaliwa na makutano ya namna hiyo. Wajaluo wa Nyakach walileta samaki na vyungu, Wakipsigis wakashusha nafaka, maziwa na mboga, na siku zote kukawa na mti wa kuuza: nguzo, mbao, mkaa, kuni. Mto Sondu wenyewe huanzia Mau Kusini-Magharibi, ukapita penye mashamba ya chai, ndipo ukamwagikia Ghuba ya Winam. Juu kuna msitu, chini kuna ziwa. Anayetaka kujua jinsi msumeno ulivyoingia sehemu hizi na kujigeuza mara kadhaa hana haja ya kutoka kwenye bonde hili.

Umbo lake jipya kabisa ni dogo. Ni msumeno wa kukunja: ubavu wa chuma usiozidi urefu wa kiganja na nusu hivi, unaolala ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Maskauti wanaupenda, na wapiga kambi pia. Aina moja inayojulikana sana, Laplander ya Bahco, ina ubavu wa sentimita 19 na uzito wa kama gramu 200, chini ya robo kilo ya sukari. Kufika kwenye gramu hizo kumechukua muda mrefu, na kwanza ilibidi wapite watu wawili na shimo.

Kabla ya msumeno, kazi ilikuwa ya shoka na tezo. Mitumbwi mikubwa ya Sese, iliyotoka upande wa Uganda, iliundwa kwa mbao zilizochongwa na kushonwa kwa nyuzi za mimea. Hesabu ya ubao wa kuchonga ni ya hasara tupu: gogo hupasuliwa kwa kabari, kila kipande kikachongwa hadi kibaki ubao, na sehemu kubwa ya mti ikaishia kuwa vibanzi vya kuwashia moto. Uzuri wa mitumbwi ile haukuwa na shaka. Mti ndio uliolipa.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Hata kabla ya hapo meli ya SS William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande, ilikuwa imeunganishwa hapo hapo na kushushwa majini mwaka 1900. Ujenzi wa reli ulileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India, na miongoni mwao walikuwamo Masingasinga wa Punjab, maseremala na wahunzi, ambao Wakenya wengi huwaita Kalasinga mpaka leo. Pamoja nao zikaja randa, patasi, keekee na misumeno ya kila ukubwa. Pwani, maseremala wa majahazi walikuwa na vyombo hivyo tangu zamani. Bara ndiko reli ilikovisambaza.

Garimoshi nalo lilikula kuni. Mwaka 1902 mkaratusi ukaletwa nchini kutoka Australia ili kulisha injini za reli. Injini hizo zilikwisha kitambo, mkaratusi ukabaki. Chai ya biashara ilipoanza kupandwa Kericho katikati ya miaka ya 1920, viwanda vilihitaji moto wa kukaushia majani, na mti huo ukapata tajiri mpya. Anayepanda leo kutoka Sondu kwenda Kericho huona vitalu vya mikaratusi vimesimama katikati ya chai.

Mbao za kujengea zilipasuliwa shimoni. Gogo liliwekwa juu ya shimo refu kupita kimo cha mtu, au juu ya jukwaa palipokuwa na mteremko. Mmoja alisimama juu ya gogo akifuata mstari uliopigwa kwa uzi uliochovywa kwenye maji ya mkaa. Mwenzake alikuwa chini, uso umefunikwa na unga wa mbao unaomwagika kwa kila mvuto. Wa juu alikuwa na macho ya kazi, wa chini alikuwa na mgongo, na malipo mara nyingi yalihesabiwa kwa futi za ubao, si kwa siku. Msumeno wa shimoni ulikata ukishuka tu. Kuupandisha ilikuwa ni kuurudisha mahali pake. Ule wa kukatia magogo mapingili, wenye mpini kila upande, ndio uliokata kwenda na kurudi. Wasemao sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, bila shaka walikuwa wanautazama huo.

Aliyewaondoa watu shimoni ni Mjerumani. Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926, na kufikia 1950 kampuni yake ilikuwa na ule wa petroli unaoweza kushikwa na mtu mmoja. Ndio ambao mafundi wa Kenya huuita pawasoo. Kwa kasi yake, msitu ukawa hauna tena muda wa kupumua, na serikali ikaingia kwa amri: mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya serikali, na Februari 2018 ukatwaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii ukasimamishwa kwa siku 90. Siku hizo 90 zilirefushwa na kurefushwa hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipoiondoa amri hiyo. Muda wote huo mkaratusi wa shambani kwa mwananchi ulipanda heshima.

Msumeno wa kukunja haukutokana na ukoo huo wa vishindo. Asili yake ya karibu iko Japani, katika mkoa wa Hyogo. Mji wa Miki ulizingirwa na jeshi kati ya 1578 na 1580, ukaharibika vibaya, na kuujenga upya kukawavuta maseremala na wahunzi wa vyombo vyao. Tangu hapo sehemu hiyo inaishi kwa vyuma vya useremala. Jirani yake, Ono, ndiko iliko kampuni ya UM Kogyo iliyoanzishwa mwaka 1919, ambayo misumeno yake huuzwa duniani kwa jina la Silky. Mkondo wa pili ni wa Uswidi, kule Sandviken, ambako misumeno ya mkono ilianza kutengenezwa mwaka 1886 chini ya alama ya samaki na ndoana, nembo ambayo wavuvi wa Dunga, ufuoni mwa ziwa letu, wangeielewa bila kuelezwa. Miaka ya 1990 misumeno hiyo ikaingia chini ya jina la Bahco.

Siri iko kwenye mvuto. Mjapani huvuta msumeno kuelekea kwake, Mzungu huusukuma. Chuma kinachosukumwa hutaka kupinda, kwa hiyo lazima kiwe kinene. Kinachovutwa hunyooka chenyewe, kwa hiyo kinaweza kuwa chembamba. Wamisri wa kale, waliokuwa na misumeno ya shaba laini, walivuta vilevile na kwa sababu hiyo hiyo. Chuma chembamba huchimba njia nyembamba, hutoa unga kidogo, huuchosha mkono polepole, na muhimu zaidi kwa mbeba mkoba, ni chepesi. Wanaovunja misumeno hii karibu wote huivunja kwa kuisukuma: mkono uliozoea msumeno wa seremala hukandamiza mbele, ubavu unakunjamana, basi.

Jambo la pili ni meno. Misumeno mingi ya kisasa ya aina hii huunguzwa ncha za meno kwa umeme wa mawimbi ya kasi, kwa sehemu ndogo ya sekunde, hadi zinageuka bluu iliyokoza. Ncha hizo huwa ngumu kuliko tupa. Hudumu sana, lakini zikishakuwa butu hazinolewi. Hapa ndipo mnunuzi wa Sondu ana haki ya kusita. Amelelewa na panga linalonolewa kila asubuhi na msumeno unaopelekwa kwa fundi mwenye tupa ya pembe tatu; anauziwa kifaa ambacho siku kikichoka dawa yake ni ubavu mpya kutoka dukani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei ya msumeno. Liwe: ubavu wa akiba unapatikana, na unafungwa kwa skrubu au kwa ribiti? Uliopigwa ribiti si wa kununuliwa, hata uwe rahisi namna gani.

Baada ya hapo ni kufuli. Msumeno usiokaza barabara ukiwa wazi utajifunga juu ya vidole, na mzuri hukaza hata ukiwa umekunjwa, usije ukafunguka ndani ya mkoba. Urefu wa ubavu uwe walau mara mbili ya unene wa matawi yanayokusudiwa. Kwa kuni za kambi, sentimita 18 hadi 24 zinatosha. Kuni kavu ngumu zinataka meno madogo. Mti mbichi unataka makubwa yenye nafasi ya kutemea unga mbichi, la sivyo msumeno hukwama kama umetiwa gundi.

Miti ya hapa ina tabia zake. Siala ni rafiki wa mkataji. Mkaratusi mbichi huacha utomvu unaoganda ubavuni, na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo huutoa kabla msumeno haujakunjwa. Mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok na kuupanda uwe ua wa boma, usiguswe kabisa: maziwa yake yakiruka jichoni yanaweza kupofusha. Na ndani ya msitu wa umma, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 haiulizi kama mti ulikatwa kwa pawasoo au kwa chombo cha gramu 200. Asiye na kibali ana kesi ya kujibu.