Jikoni ya hoteli, piano ya baa na jukwaa la Lubumbashi: wanafunzi waliochunguza kuigiza na biashara

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Kisangani wanatafuta kichwa cha TFC ao cha memware yao. Mmoja anachagua hoteli, soko ao duka la dawa. Mwingine anapenda teatre, ngoma ao wapiga muziki, na nyumbani wanamuuliza kama kazi hiyo itamlisha siku moja. Watu wengi wanaona kwamba mambo hayo mawili, biashara na kuigiza, hayana undugu.

Wanafunzi wachache wa chuo kikuu cha Chicago, Marekani, waliyaweka pamoja miaka zaidi ya 70 iliyopita. Kazi zao za masomo zinasomwa mpaka leo katika idara za sosiolojia. Zinasaidia kuelewa namna mtu anavyouza, anavyohudumia na anavyopata feza mbele ya macho ya wengine. Zimeacha pia swali moja linalogusa sana mashariki ya Kongo, fasi watu wanapoulizwa maswali na watafiti kila mara: mtu anayekuja na daftari anamdai nini yule anayemjibu?

Mwanafunzi anayeosha vyombo

Erving Goffman alizaliwa mwaka wa 1922 Kanada, katika familia ya Wayahudi waliotoka Ukraine. Baba yake alikuwa na duka. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Chicago, alienda kufanya utafiti katika Unst, kisiwa kidogo cha Shetland, kaskazini kabisa ya Uingereza. Alifika mwezi wa Desemba 1949, na mpaka Mei 1951 alikuwa amekaa kule karibu miezi 12 kwa jumla.

Wakaaji wa kisiwa walikuwa wakulima wadogo, wafugaji wa kondoo na wavuvi. Goffman aliwaambia kwamba yeye ni mwanafunzi anayetaka kujifunza uchumi wa ukulima wa kisiwani. Kwanza alilala hotelini, kisha akahamia nyumba ndogo. Aliendelea kula pale hotelini, na wakati fulani alisaidia jikoni kuosha vyombo. Kumbe kitu alichokuwa anatazama si kondoo wala mashamba. Alikuwa anatazama namna watu wanavyoongea, wanavyosalimiana, wanavyonyamaza na wanavyogeuza sura kufuatana na nani amesimama mbele yao.

Ile hoteli ilimfundisha mengi. Mume na mke waliokuwa na hoteli walitoka katika jamaa za wakulima wa kisiwa. Wageni walikuwa watu wa hali ya juu kidogo. Katika chumba cha kulia, wenye hoteli na watumishi walifuata desturi za wageni. Wakishavuka mlango wa jikoni, walirudilia lugha yao, utani wao na namna yao ya kula.

Goffman aliandika bila kuficha mambo aliyoona nyuma ya mlango. Soksi zilizolowa ziliwekwa juu ya birika la maji moto ili zikauke. Supu iliyowekwa ilianza wakati mwingine kuota ukungu. Vipande vya siagi vilivyorudi kutoka mezani, vimeshalainika na kukatwa, viliviringwa tena vikapelekwa kwa mgeni mwingine sawa vile vipya. Mapudini mazuri yalionjwa kwa kidole kabla hayajafika mezani.

Hata mlango wenyewe ulikuwa na habari yake. Wenye hoteli walitaka ufungwe, wageni wasione ndani. Watumishi wanawake, wenye kubeba sahani mikono miwili, walikuwa wanausukuma kwa mguu na kuuacha wazi, juu hiyo iliwasaidia kufanya kazi na kutazama kama wageni wamemaliza kula. Mlango ule mmoja ulikuwa ugomvi wa kila siku kati ya sura ya biashara na urahisi wa kazi.

Mbele, nyuma na timu

Goffman alitoa tezi yake mwaka wa 1953. Mwaka wa 1956 alichapisha Edinburgh kitabu juu ya namna mtu anavyojionyesha katika maisha ya kila siku, na mwaka wa 1959 kikatoka Marekani kikiwa kimeongezwa. Humo aliazima maneno ya teatre. Matatu yanatosha kwa mwanafunzi anayeanza.

La kwanza ni *mbele ya pazia*. Ni fasi kazi inapoonekana: meza ya mapokezi, kibanda cha muuzaji, dirisha la benki. Pale kuna mavazi, vyombo na maneno yanayotarajiwa.

La pili ni *nyuma ya pazia*. Ni fasi mtu anapopumua, anapotengeneza vitu na anaposema alichozuia moyoni. Jikoni, stoo na chumba cha wafanyakazi ni za upande huu. Goffman aliona kwamba mteja anazuiwa kuingia kule, na kwamba kizuizi hicho ni sehemu ya huduma yenyewe.

La tatu ni *timu*. Mtu haigizi peke yake. Muuzaji, mtoto anayembebea mizigo na jirani anayesema "hata mimi nimeuza bei hiyo hiyo" wanashikilia picha moja. Mmoja akisema neno lisilofaa mbele ya mteja, picha inaanguka kwa wote.

Msomaji anaweza kujaribu maneno haya katika soko lolote la miji yetu. Mama anayeuza bitenge anamwita mteja "mukwetu", anakunja kitambaa vizuri, anaapa kwamba kwa bei hiyo hapati faida. Mteja naye anaigiza: anageuka kama anayeondoka, ingawa anakitaka kitambaa sana. Wote wawili wanajua mchezo. Kupatana bei kunawezekana kwa sababu kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kulinda heshima yake.

Goffman hakusema kwamba maisha yote ni teatre. Mwishoni mwa kitabu alieleza kwamba maneno ya jukwaani ni kama mbao ambazo waashi wanasimamisha ili wajenge nyumba: nyumba ikisimama, mbao zinaondolewa. Kwenye jukwaa, watazamaji wanajua kwamba aliyekufa atasimama na kwenda nyumbani. Katika duka, mteja aliyedanganywa amepoteza feza za kweli.

Kulikuwa pia na waliompinga. Mwaka wa 1970, Alvin Gouldner, mwalimu wa sosiolojia wa Marekani, aliandika kwamba mawazo ya Goffman yanafanana na ulimwengu wa watu wanaouza sura zaidi ya kutengeneza vitu. Onyo hilo linafaa. Anayechunguza soko akitazama paka maneno na tabasamu, anaweza kusahau kodi ya kibanda, ushuru, barabara mbaya na deni la mwuzaji.

Mpiga piano aliyeandika juu ya wenzake

Howard Becker, aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1928 na kufa mwaka wa 2023, alikuja kwa njia nyingine. Alikuwa anapiga piano katika baa tangu ujana wake, na chuoni alianza kuandika kila siku mambo aliyoyaona kazini. Profesa Everett Hughes, aliyekuwa anachunguza kazi za watu, alifurahia daftari hilo. Likazaa memware ya mwaka wa 1949 juu ya wapiga muziki wa dansi, na mwaka wa 1951 makala katika jarida la sosiolojia.

Becker alionyesha shida ambayo kila msanii anaijua. Mpiga muziki anaamini kwamba yeye ndiye anayejua muziki mzuri, lakini anayelipa ni mtu asiyeujua. Mwenye baa anataka watu wanywe, wanaoalika kwenye arusi wanataka nyimbo walizozoea. Basi msanii anachagua: kupiga anachoombwa ili apate kazi, ao kushika muziki anaoupenda na kulala njaa. Wengi walikuwa katikati, na moyo haukutulia.

Aliona pia kwamba wapiga muziki walijitenga na watazamaji. Piano iliwekwa kama ukuta mdogo kati ya bendi na wanaocheza. Kazi nazo zilipatikana kwa kujuana: rafiki anamtaja rafiki, kikundi kinalinda watu wake. Kipaji bila watu wa kukutaja hakikufika mbali. Na nyumbani wazazi na wake walikuwa wanasukuma wengi waache muziki na kutafuta kazi inayoeleweka.

Vikundi vya teatre vya mashariki ya Kongo vinaweza kujitambua hapo. Michezo mingi inalipwa na shirika linalotaka kuhamasisha watu juu ya kolera, uchaguzi ao haki za watoto. Watazamaji wanaingia bure. Je, kikundi kinamfurahisha nani, anayekaa chini ya mti akitazama ao aliyelipa? Mradi ukiisha, mchezo unabaki? Kwa mwanafunzi wa uchumi ao wa sanaa, maswali hayo yanatosha kujaza memware nzima.

Takataka za wapangaji

Mwanafunzi wa tatu, Ray Gold, aliandika memware yake mwaka wa 1950 juu ya watu wanaotunza majumba ya kupangisha ya Chicago. Hao ndio walikuwa wanawasha moto wa kupasha nyumba, wanatengeneza mabomba na kutoa takataka. Kwa sababu walishika takataka, walijua siri za kila nyumba: nani ana deni, nani anakunywa, nani anajifanya tajiri mbele ya majirani. Wengine kati yao walipata mshahara kupita wapangaji fulani, na wapangaji hao walikasirika kumwona mtunza jumba na gari jipya.

Goffman aliitumia kazi hii ya mwanafunzi mwenzake katika kitabu chake. Inakumbusha kwamba nyuma ya pazia kuna mtu daima. Mlinzi wa geti, msafishaji wa ofisi na mpishi wanajua biashara kuliko karatasi inavyoonyesha, na watafiti wengi wanapita mbele yao bila kuwasalimia.

Njia iliyofika Katanga

Chicago ile ile ilimleta mwanafunzi mwingine Kongo. Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani, alifanya utafiti Katanga miaka ya 1966 na 1967 juu ya kundi la dini la Jamaa, akapata udaktari wake. Baadaye, kati ya mwaka wa 1972 na 1974, alifundisha Lubumbashi.

Aliporudi mwaka wa 1986, siku moja kwenye chakula alisikia methali inayosema kwa Kifaransa kwamba utawala unaliwa mzima. Aliuliza maana yake kwa watu wa kikundi cha teatre cha Mufwankolo, kinachojulikana sana Lubumbashi kwa michezo ya Kiswahili. Waigizaji hawakumpa jibu la maneno mawili. Walijadiliana, wakabishana, kisha wakaifanya methali hiyo kuwa mchezo mzima, ambao televisheni ilikuja kuupiga picha.

Fabian alifuata mazoezi, na mwaka wa 1990 alichapisha kitabu chenye maneno ya waigizaji katika Kiswahili chao cha Shaba pamoja na tafsiri. Alikubali kwamba waigizaji walikuwa wanatafuta maarifa pamoja naye. Watu wengine wanaweka wanachojua katika vitendo, na ukiwapa karatasi ya maswali hawatakuandikia kitu cha maana.

Deni la mwenye daftari

Goffman hakuwaambia wakaaji wa Unst kitu gani hasa anachunguza. Katika tezi alikipa kisiwa jina lingine, Dixon, ili kuwalinda, lakini kitabu cha baadaye kilitaja Shetland wazi. Watu waliompa chakula na kazi jikoni wakaingia katika historia na soksi zao juu ya birika. Yeye mwenyewe alikuwa ameigiza mbele yao miezi 12.

Leo vyuo vingi vinadai mtafiti aeleze kazi yake na kuomba ruhusa ya anayeulizwa. Katika majimbo yetu, ambapo watu wa kambi na wa mitaa wameshajibu maswali mengi bila kuona matunda, jambo hili lina uzito wa pekee. Muuzaji akifichuliwa anaweza kupoteza wateja, mtumishi kufukuzwa, na mwigizaji aliyelaumu mradi kukosa mkataba unaofuata.

Mwanafunzi anayetaka kufuata njia hii anaweza kuanza hivi:

- Achague fasi moja ndogo, kama mgahawa, salon ya nywele ao kikundi cha teatre, na akae pale siku nyingi kabla ya kugawa maswali.
- Aandike kila jioni yale aliyoyaona, sawa vile Becker alivyofanya, na atenganishe aliyoyaona na anayoyafikiri.
- Ahesabu feza pia: nani analipa, nani analipwa, lini, na nani anafanya kazi bila malipo.
- Aseme wazi toka mwanzo anatafuta nini, na abadilishe majina na alama zote zinazoweza kumfichua mtu.
- Kazi ikiisha, arudi kuwaeleza watu alichoandika juu yao kabla ya kusimama mbele ya wakaguzi.

Hilo la mwisho ndilo gumu, juu mwuzaji anaweza kusema: "Hapana, haikuwa hivyo." Mwanafunzi akishayasikia maneno hayo, ayaandike pia katika kazi yake.