Nani Aliambia Watoto wa Nasari Wakae Chini?

Wasee, leo tuongee kuhusu nasari. Mzazi akipita nje ya darasa apate watoto wanaimba na kuruka, swali huwa ni moja: "Sasa hawa husoma saa ngapi?" Mimi nasema hapo ndipo walikuwa wanasoma. Na serikali yenyewe ilijua hivyo kitambo.

Baada ya uhuru, nasari nyingi zilijengwa kwa harambee. Wazazi walichanga, wakatafuta mama wa hapo kijijini afundishe, na wengi wao hawakuwa wamesomea ualimu. Mwaka wa 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ikaanza mradi wa nasari kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mwaka wa 1984 kikazaliwa kituo cha kitaifa, NACECE, kisha vile vya wilaya, DICECE. Hapa nawapa heshima yao. Nyimbo za Kizungu zilikuwa tele (zile za daraja la London, na mtoto London ataiona wapi?), lakini wao walikusanya nyimbo, hadithi, vitendawili na michezo ya nyumbani kwa lugha za mama, vikawa vifaa vya darasani.

Chukua Ukuti Ukuti. Watoto wanashikana mikono, wanazunguka, halafu wanatetemeka pamoja. Ni mchezo, sawa. Lakini kila mmoja lazima asikilize neno linalokuja, aende mwendo wa wenzake, na ajue kusimama. Akipiga makofi kufuata maneno, tayari anasikia silabi: u-ku-ti. Hiyo ndiyo kazi atakayofanya na penseli baadaye, ila hapa masikio na miguu vimetangulia.

Sasa iliharibika wapi? Kwa mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, muziki ulitahiniwa kwa KCPE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yakapunguzwa, muziki ukatolewa kwa mtihani. Nikiwa praimari, ratiba ukutani iliandikwa "Muziki", lakini saa ikifika anaingia mwalimu wa hisabati na karatasi zake. Hata hatukushangaa.

Presha hiyo ikateremka hadi nasari. Shule zikaanza kuwapa watoto wa miaka sita mtihani kabla ya kuingia darasa la kwanza, na huko hakuna anayekuuliza kama unajua kuimba. Walimu wa nasari nao wakajipanga: vitabu juu ya meza, nyimbo kidogo asubuhi, basi.

CBC ilipoanza rasmi 2019, nyimbo na miondoko zilirudi kwa mtaala wa PP1 na PP2. Kwa karatasi iko poa. Lakini nasari nyingi mitaani kwetu ni chumba cha kukodi chini ya ploti, viti vimebanana hadi mlangoni, na nje ni barabara ya bodaboda. Mwambie mwalimu wa hapo awapange watoto thelathini kwa duara, halafu uone atakuangalia vipi.