Takaungu na Mashamba ya Wamazrui

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kilifi huweza kupita asiione Takaungu, maana ni kijiji kidogo kilichojificha kando ya hori, kusini kidogo ya Kilifi. Hata hivyo hapa palikuwa makao ya ukoo uliomiliki mashamba makubwa, na daawa juu ya ardhi yake imedumu hadi karne hii.

Wamazrui waliitawala Mombasa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliwashinda, akawakamata wakuu wao na kuwapeleka kifungoni katika Ghuba. Waliosalia waligawanyika: wengine wakaenda Gazi, upande wa kusini, na wengine wakaja Takaungu. Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake twaijua sote, alipita hapa Januari 1844.

Utajiri wa Takaungu haukutokana na karafuu, kama ule wa Unguja na Pemba, bali na nafaka na ufuta vilivyopakiwa majahazini. Waliolima walikuwa watumwa. Njaa ya 1884 ilipowabana Wagiriama na jirani zao, wako waliolazimika kuwaweka jamaa zao rehani ili wapate chakula. Watumwa waliochoshwa nao walikimbilia bara, wakajenga makazi yao wenyewe. Yaliyosifika zaidi ni Fuladoyo. Hao ndio walioitwa watoro. Leo neno hilo twamtupia mwanafunzi asiyehudhuria darasani, lakini zamani lilikuwa na uzito wa shingo ya mtu.

Mwaka 1895 Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, alifariki. Kampuni ya Waingereza ilimwunga mkono mwanawe, Rashid bin Salim, dhidi ya Mbaruk bin Rashid, aliyeona kwamba urithi ni haki yake. Mbaruk alikimbilia kwa jamaa yake wa Gazi, ambaye pia aliitwa Mbaruk bin Rashid, tusiwachanganye. Vita vilikwisha Aprili 1896, Mbaruk wa Gazi alipovuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Kwa maoni yetu, lakini, jambo zito zaidi halikuamuliwa kwa bunduki. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa katika pwani ya Kenya, na sheria ya 1908 ikawataka wenye kudai ardhi waandikishe madai yao. Mtumwa aliachiwa uhuru bila kupewa shamba. Bwana wake alikuwa na njia ya kupata hati. Baadaye sehemu ya mashamba iliwekwa katika amana ya ukoo wa Mazrui. Aliyelima hapo tangu enzi za babu yake akawa skwota.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu tarikh ya ukoo wake, nasi tunamshukuru. Wale wa jembe hawakupata mwandishi wao wa namna hiyo.

Mwaka 1989 Bunge la Kenya liliifuta sheria ya amana, na ardhi ikawatoka Wamazrui. Mwaka 2012 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba kufutwa huko kulikwenda kinyume cha Katiba. Wakati huo watu walikwisha kujenga, kupanda minazi na kuzika wazee wao juu ya ardhi hiyo hiyo.