Kutoka Mzigo wa Mpagazi hadi Belo la Owino: Historia Fupi ya Mitumba

Tunapofika kwenye somo la sokoni, wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hawahitaji kufafanuliwa neno mitumba. Wanalijua kabla ya kujua ngeli yake. Wengi wao wamevaa suruali, koti au viatu vilivyonunuliwa Owino, na bei za huko wanazijua kuliko sisi walimu wao. Lakini tukiwauliza neno lenyewe limetoka wapi, na kwa nini jirani zetu wa Rwanda husema caguwa na wale wa Zambia salaula, darasa hunyamaza. Katika toleo hili, basi, tumeona vema tuieleze historia hiyo kwa ufupi, kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ya historia ya safari za Kiswahili. Pili, ni historia ya namna watu wa kipato kidogo walivyojipatia nafasi ya kuvaa vizuri, nafasi ambayo zaidi ya mara moja imekuwa mashakani.

Mtumba wa kwanza

Mtumba, wingi wake mitumba, ni neno la zamani. Maana yake ya awali ni furushi au robota, hasa robota la nguo lililofungwa ili mpagazi aweze kulibeba. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na Buganda ilibeba vitambaa vingi sana, pamoja na shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Kitambaa hakikuwa cha kuvaa tu, kilikuwa fedha. Hongo ililipwa kwa kitambaa, na chakula cha njiani kilinunuliwa kwa kitambaa. Shuka moja ilikuwa mikono 4, na doti moja ilikuwa shuka 2.

Kitambaa kilichotafutwa sana katika njia hizo kiliitwa merikani. Kilikuwa cha pamba isiyong'arishwa, kilifumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters akawasili Zanzibar kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilifanya pamba ya huko iadimike, na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi. Hata hivyo jina merikani halikufa. Waganda pia walilipokea, wakaliita amerikaani.

Hapa Buganda, kabla ya misafara hiyo, vazi la heshima lilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti uitwao mutuba. (Tunawaomba wanafunzi wasichanganye mutuba na mtumba; kufanana kwa maneno hayo mawili si ushahidi wa undugu.) Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II, na tangu hapo vitambaa vya pwani vilizidi kuingia. Kanzu, ambayo leo ni vazi rasmi la mwanamume wa Kiganda katika harusi na maombolezo, ilifika kwa njia hiyo hiyo. Sanaa ya lubugo haikupotea: mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa ubinadamu.

Tunaona, basi, kwamba miaka karibu 200 iliyopita mtumba ulikuwa robota la kitambaa kipya cha Marekani. Leo mitumba ni nguo kuukuu, na nyingi zinatoka Marekani hiyo hiyo. Neno limebaki na mzigo. Kilichogeuka ni kilichomo ndani.

Nguo za waliokufa

Biashara ya nguo kuukuu haikuanza jana. Katika enzi ya ukoloni zilikuwa zikipita kutoka Kongo ya Wabelgiji kuingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Misheni nazo zilizigawa kama sadaka. Lakini baada ya uhuru serikali nyingi zilitaka watu wavae nguo za viwanda vya nyumbani. Tanzania ilifungua kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, mwaka 1968, kwa msaada wa China. Uganda ilikuwa na kiwanda cha Nyanza Textile, Jinja, kilichokua katika miaka ya 1950 kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954.

Mambo yaliharibika kwa sababu nyingi. Hapa Uganda, mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa notisi ya siku 90, na maduka mengi yakabaki bila bidhaa. Ndipo neno la Kiswahili magendo lilipoingia katika vinywa vya watu wote, na matajiri wapya wakaitwa mafuta mingi. Katika nchi jirani, ukosefu wa fedha za kigeni ulivinyima viwanda vipuri. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kupata shati jipya kulikuwa kazi, hata kwa mwenye mshahara.

Serikali zililegeza masharti moja baada ya nyingine. Tanzania ilianza kufungua milango ya uagizaji mwaka 1984. Uganda ilifuata baada ya mwaka 1986. Huko Ulaya na Marekani, wakati huo, mashirika ya hisani yalikuwa yakipokea nguo nyingi kuliko zilizoweza kuuzwa katika maduka yao. Ziada iliuzwa kwa kampuni zinazochambua nguo kwa aina na ubora, kuzishindilia kwenye belo na kuzisafirisha. Mtoaji alidhani ametoa sadaka. Alipofika mnunuzi wa Kampala, ilikuwa bidhaa yenye bei.

Watu waliipa bidhaa hiyo majina yanayoonyesha mshangao wao. Tanzania waliiita kafa Ulaya, yaani mwenyewe amekufa huko Ulaya ndipo nguo ikafika kwetu. Ghana, mbali na sisi, walisema obroni wawu, nguo za Mzungu aliyekufa. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba mtu mzima wa afya angeweza kutupa koti lisilo na tundu. Msumbiji, ambako nguo zilikuja kama msaada wakati wa vita na njaa za miaka ya 1980, ziliitwa calamidades, yaani majanga.

Jina la kifo na jina la kuchagua

Pamoja na majina hayo ya misiba, yakazuka mengine yaliyotazama kazi ya mnunuzi. Salaula ni neno la Kibemba lililoenea Zambia katikati ya miaka ya 1980; maana yake ni kuchakura katika rundo ili kupata unachotaka. Na caguwa ya Rwanda si kitu kingine ila kitenzi chetu chagua, kilichoandikwa kwa tahajia ya Kinyarwanda. Kinyarwanda kina kitenzi chake cha kuchagua, guhitamo, lakini soko lilipendelea neno la Kiswahili, lugha ya wachuuzi na madereva. Waganda husema mivumba. Kwa mwanafunzi wa isimu hili ni somo zuri: neno halikopwi kwa sababu lugha pokezi imepungukiwa, bali kwa sababu limekuja pamoja na bidhaa na mwenye kuiuza.

Tofauti kati ya kafa Ulaya na caguwa ni kubwa. Jina la kwanza linamtaja mwenye nguo wa zamani. La pili linamtaja mwenye nguo mpya. Anayevaa caguwa hakupewa, amechagua.

Elimu ya soko

Kuchagua huko kuna elimu yake. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya shahidi aliyeuawa Nakivubo mwaka 1885, lilifunguliwa mwaka 1971, na limeungua na kujengwa upya zaidi ya mara moja, ukiwamo moto mkubwa wa Februari 2009. Wauzaji huko hununua belo, aghalabu la kilo 45, bila kuona kilichomo. Belo ni bahati: likiwa zuri, mtaji unarudi siku hiyo hiyo; likiwa baya, mwenye belo hulala na deni. Kwa hiyo saa ya kufungua belo ndiyo saa ya wajuzi. Wenye maduka ya mjini hufika mapema na kuondoa nguo za daraja la kwanza, ambazo Nairobi huitwa kamera. Zinazosalia hushuka bei kadiri siku inavyokwenda, mpaka zile za mwisho, ambazo wenzetu wa Gikomba huziita fagia.

Mwanafunzi mwenye fedha kidogo hushindana na wenye maduka kwa macho, si kwa mfuko. Wajuzi hutazama kwanza mshono wa ndani, kisha kola, kwapa na magoti, kwa kuwa ndipo nguo huchakaa. Huvuta zipu mara mbili. Huinua kitambaa kwenye mwanga ili kuona kama kimeliwa na nondo. Ukubwa hauwatishi, kwa kuwa nguo pana hupunguzwa, bali nguo inayobana haina dawa. Kitambaa kizuri chenye mtindo wa kizamani ni afadhali kuliko mtindo wa leo wenye kitambaa kilichochoka.

Baada ya muuzaji huja fundi. Karibu na marundo ya nguo hukaa mafundi wenye cherehani za kukanyaga, na kazi yao imekuwa sehemu ya biashara hii tangu mwanzo, kwa sababu miili iliyoshonewa nguo hizo si miili yetu. Suruali ya mtu mnene hubanwa kiunoni na kupunguzwa mguu. Shati la mwanamume hugeuzwa gauni la msichana. Pazia hutoa sketi mbili, na jinzi iliyopasuka hutoa mkoba. Kipande cha kitenge kikitiwa kwenye kola au mfukoni, koti la rangi ya majivu hupata uhai. Mtu akitoka hapo amevaa nguo ambayo hakuna mwingine anayo, jambo ambalo duka la nguo mpya haliwezi kumwahidi.

Ustadi huo umevuka mipaka. Mwaka 2022 mbunifu Bobby Kolade, aliyerejea Kampala baada ya kufanya kazi Ulaya, alianza kupitia chapa yake ya Buzigahill kuzikata na kuzishona upya nguo za Owino, kisha kuziuza kwa wateja wa nchi hizo hizo zilikotoka. Mtumba umerudi kwa mwenyewe.

Mvutano wa serikali

Hata hivyo, tusisahau upande wa pili. Mwanauchumi Garth Frazer, katika utafiti wa mwaka 2008, alikadiria kwamba nguo kuukuu zilichangia karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa utengenezaji wa nguo barani Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000. Wengine hujibu kwamba viwanda vilikwisha kudhoofika kabla, na kwamba nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia zimeviumiza vile vile. Hoja zote mbili zina uzito, na si za darasani tu.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kuelekea kuondoa mitumba ifikapo mwaka 2019. Rwanda ilipandisha ushuru mara moja, kutoka dola 0.20 kwa kilo ya nguo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kililalamika kwa serikali yake, kikidai ajira 40,000 zimo hatarini. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyotolewa na sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya ilijitoa katika mpango huo mapema. Tanzania na Uganda zilirudi nyuma mwanzoni mwa mwaka 2018. Rwanda peke yake ilishikilia, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Huko nyumbani wauza caguwa walipoteza kazi, na neno magendo likarudi mpakani. Inashangaza kuona kwamba ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 2017, Rwanda ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi.

Agosti 2023 ikawa zamu yetu. Rais Museveni, akiwa Mbale, alitangaza kwamba atapiga marufuku mivumba, akisema ni nguo za wafu. Wachuuzi wa Kampala walipinga kwa sauti kubwa. Kwa masikio ya mwanafunzi wa Kiswahili, kauli hiyo ilikuwa na mwangwi wa zamani: kafa Ulaya imerudi, safari hii kama hoja ya sera.

Msimamo wetu si kwamba mitumba iendelee milele. Tungependa kuona pamba ya Uganda ikifumwa Uganda. Lakini anayepanga kuiondoa sharti ajue anagusa nini. Anagusa belo la mjane aliyekopa, cherehani ya fundi, na koti la mwanafunzi anayekwenda usaili wake wa kwanza akitaka kuonekana mtu. Kwa watu hao swali si wafu wala Wazungu. Swali ni kama watabaki na uwezo wa kuchagua.

Tunawaomba wasomaji wetu wa Bujumbura, Lubumbashi, Kigali na kwingineko watuletee majina ya nguo hizi yanayotumika katika masoko yao, na ya ufundi wa kuzigeuza. Tutayachapisha katika toleo lijalo kama orodha ya msamiati, ili wanafunzi wawe na cha kujifunza kabla ya kwenda sokoni.