Tanzania: D mbili zamfungulia mmoja mlango wa chuo kikuu na kumfungia mwingine

Kijana aliyehitimu kidato cha sita nchini Tanzania mwaka 2013 akiwa na alama D katika masomo mawili anatimiza kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ya kwanza. Aliyehitimu mwaka 2014 kwa D mbili hizo hizo hakifikii. Herufi ni ile ile. Uzito wake ndio tofauti.

Kiwango hicho huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU: alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0, katika masomo yanayohusika na programu inayoombwa. Kwa waliohitimu kabla ya 2014, na kuanzia 2016, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D mbili zinatosha, na C pamoja na E vilevile. E mbili hazitoshi, ingawa kila moja ni ufaulu.

Katika miaka ya 2014 na 2015 iliingizwa alama ya B+, na herufi zilizofuata zikashuka thamani: B ikawa pointi 3, C 2 na D 1. Kwa sababu hiyo, wahitimu wa miaka hiyo wanatakiwa kuwa na C mbili. Utaratibu huu huwachanganya wengi, lakini kutumia kipimo kimoja kwa miaka yote kungekuwa dhuluma. Mwaka wa kuhitimu, basi, ni wa kutazamwa kabla ya alama zenyewe.

Kutimiza pointi 4.0 si kupata nafasi. Programu nyingi hudai zaidi. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, huhitaji ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia, yote matatu. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, si tena kupitia mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza mwaka 2010.

Mwombaji mwenye cheti cha sekondari cha Rwanda, Burundi au Uganda hapaswi kujihesabia pointi mwenyewe. Ulinganifu wa cheti hicho hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na ni vyema kuuomba mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Kwa mtu mzima asiye na vyeti hivyo upo mtihani wa kutambua maarifa aliyoyapata nje ya darasa, unaojulikana kwa kifupi kama RPL. Pamoja na mtihani, mwombaji huwasilisha ushahidi wa kazi alizozifanya. Kuithamini kazi si jambo geni Tanzania: Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza, ndipo waingie chuo kikuu.