Ahadi Kabla ya Tukio: Uchangiaji na Uhuishaji wa Ardhi Endasak

Tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka, na maporomoko ya tope yakaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Misaada ilimiminika kutoka kila pembe ya nchi, na ilistahili. Hata hivyo, uharibifu mwingi wa ardhi katika kata za wilaya ya Hanang kama Endasak hauna siku ya msiba. Korongo huanza kama mfereji mwembamba kwenye njia ya ng'ombe, na kila masika hulipanua. Makala hii inatetea hoja kwamba wanaojitolea kuhuisha ardhi huhitaji zaidi mchango wa ahadi, yaani fedha inayotolewa kwa ratiba kwa miaka kadhaa, kuliko mchango wa tukio.

Ushahidi wa kwanza uko Shinyanga. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), uliosaidiwa na Norwei, ulidumu tangu 1986 hadi 2004. Katika kipindi hicho wananchi walirejesha ngitili, malisho yanayofungwa kwa desturi ya Wasukuma, kwenye zaidi ya hekta 300,000. Kufunga na kulinda ilikuwa kazi yao. Msaada nao haukukatishwa kabla miti haijasimama.

Ushahidi wa pili ni kisiki hai, mbinu iliyoenea Dodoma. Mkulima huchagua machipukizi machache yaliyonyooka kwenye kisiki, hupogoa mengine, hufunga kitambaa kama alama, kisha huyalinda yasiliwe na mbuzi. Hatua tatu za kwanza humalizika asubuhi moja. Ya nne huchukua miaka. Mfadhili wa tukio hupiga picha penye kitambaa, kisha huondoka.

Wapo wanaohofu kwamba ahadi ndefu huzaa utegemezi. Hofu hiyo ina msingi: posho ikizoeleka, hakuna atakayeinua jembe bure. Ndiyo maana fedha isinunue nguvu za watu. Inunue kile ambacho nguvu hizo haziwezi kukizalisha: mapanga, viriba, pampu ya kitalu, nauli ya bwana misitu. Na ipitie mikononi mwa kijiji chenyewe. Duru-Haitemba, wilayani Babati, vijiji vilikabidhiwa ulinzi wa msitu wao katikati ya miaka ya 1990 na vikautungia sheria ndogo. Mradi uliofadhiliwa na Uswidi ulisaidia, lakini mwenye kauli alikuwa mwanakijiji.

Utaratibu wa ahadi si mgeni kwetu. Washarika wanazijua bahasha za ahadi, na Waislamu wana wakfu, mali inayotengwa ili izae manufaa ya kudumu. Kinachokosekana ni kuuelekeza kwenye ardhi. Wenyeji wa Endasak walioko Arusha na Dar es Salaam waanze: kila mmoja aahidi kiasi kidogo cha kila mwezi kwa miaka mitano, na hesabu zisomwe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji.