Kasi ya kwenye kona haikutoka kwenye springi ngumu

Mwaka 1936 timu ya mbio ya Mercedes-Benz ilikuwa na madereva hodari na fedha za kutosha, lakini msimu ukawa wa wapinzani wao Auto Union, na dereva wao Bernd Rosemeyer akatwaa ubingwa wa Ulaya. Kampuni ikamkabidhi gari lake, W25, mhandisi kijana aliyeitwa Rudolf Uhlenhaut, naye akalipeleka kwenye saketi ya Nürburgring na kuliendesha mwenyewe badala ya kusubiri taarifa za madereva. Aligundua kwamba springi zilikuwa ngumu mno na chesisi ilikuwa dhaifu mno. Gurudumu lilipopanda tuta, springi haikujikunja vya kutosha, hivyo chesisi ndiyo iliyopinda, na magurudumu yakaacha kuelekea pale dereva alikotaka. W125 ya mwaka 1937 iligeuza mambo: chesisi yake ya mabomba ya umbo la yai ilikuwa imara zaidi, na springi zikawa laini, zenye nafasi ndefu ya gurudumu kupanda na kushuka. Mwaka huo dereva wa Mercedes-Benz, Rudolf Caracciola, akawa bingwa wa Ulaya. Injini nayo ilikuzwa ikazidi lita 5.6, kwa hiyo ushindi ule haukuwa wa springi peke yake. Hata hivyo, nguvu kubwa kiasi hicho isingefika barabarani kama magurudumu yangekuwa hewani. Uamuzi wa Uhlenhaut, yaani kukaza kisichopaswa kusogea na kukiachia kinachopaswa kusogea, ndio uzi unaopita katika historia nzima ya gari la michezo. Na ndio uzi ambao wengi wanaopeleka magari yao saketi leo wanaukata, kwa kununua springi fupi na ngumu kabla ya kugusa kilichochakaa.

Kabla ya Uhlenhaut, imani ya ugumu ilikuwa na sababu. Magari ya michezo ya miaka ya 1920, kina Bentley na Bugatti, yalikuwa na ekseli moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, ikining'inia kwenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Shokapu zao hazikuwa na mafuta: zilikuwa mikono miwili yenye sahani zinazosuguana, iliyobanwa kwa nati, za aina iliyojulikana kwa jina la Hartford. Ukitaka gari litulie, unakaza nati. Lakini msuguano wa namna hiyo una kasoro: hukataa kusogea kabisa kwenye vituta vidogo, kisha ukishaachia, hauongezi nguvu ya kuzuia hata gurudumu liende mbio kiasi gani. Ukilainisha springi kwenye ekseli ya namna ile, magurudumu ya mbele huanza kutikisika huku na huku, na usukani unacheza mikononi mwa dereva. Kwa hiyo mafundi wa enzi hizo hawakuwa wajinga. Waliishi na ugumu kwa sababu ulaini uliwaletea balaa jingine, na balaa hilo lilihitaji dawa yake.

Dawa ilianza kupatikana mahali ambapo wapenzi wa mbio hawakutazamia: kwenye magari ya kifahari ya Marekani. Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce, alijiunga na Cadillac mwaka 1930, na kufikia 1932 alikuwa na gari la majaribio ambalo aliweza kuhamisha mizigo mizito mbele na nyuma na kubadilisha springi, kisha akawapakia watu na kusikiliza miili yao inasema nini. Aliona kwamba springi za mbele zikiwa laini kuliko za nyuma, gari huacha kuinamisha pua na mkia kwa zamu. Lakini ulaini huo wa mbele ungewezekana tu kama kila gurudumu lingesimama peke yake bila ekseli ya kuliunganisha na mwenzake, na kampuni mama ya General Motors ikaingiza mpango huo kwenye magari yake ya mwaka 1934. Mercedes-Benz walikuwa wametangulia kidogo: gari lao la 380 la mwaka 1933 lilibeba kila gurudumu la mbele kwa mkono wa juu na mkono wa chini, na springi ya kuzunguka ikiwa katikati. Gari la starehe na gari la mbio vilikutana hapo, kwa sababu tairi halijui kama linambeba bwana mnene au bingwa wa Ulaya. Linachojua ni uzito ulio juu yake na lami iliyo chini.

Na hapo ndipo hoja yangu inaposimama kwenye maumbile. Ukiongeza uzito juu ya tairi mara mbili, mshiko wake huongezeka, lakini haufiki mara mbili. Kwa hiyo tairi ambalo uzito wake unapanda na kushuka ghafla, mara linagandamizwa, mara linaachwa, hupata mshiko mdogo kwa wastani kuliko tairi lenye uzito uleule uliotulia. Springi ngumu kwenye lami yenye mikunjo hufanya hasa hilo la kwanza. Ni kweli kwamba inazuia gari kulala kwenye kona, na dereva anajisikia salama anapoona bodi imesimama wima. Lakini uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje hutegemea zaidi kimo cha gari, upana wake na ukali wa kona. Kulala kwa bodi kunaonekana na macho kuliko kunavyogharimu sekunde, ilimradi mikono ya magurudumu imeundwa ili tairi libaki limekaa vizuri sakafuni bodi inapoinama.

Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alilijenga jina lake juu ya jambo hilo. Alisomea uhandisi wa majengo, na alilitazama gari kama mjenzi anavyotazama daraja: kipi kibebe, kipi kisogee. Lotus Elan ya mwaka 1962 ilikuwa na uti wa mgongo wa chuma uliopita katikati ya gari, na juu ya uti huo imara zikafungwa springi laini zenye safari ndefu. Gari hilo lililala kwenye kona waziwazi, na bado likawa kipimo ambacho magari mepesi ya michezo yalilinganishwa nacho kwa miongo kadhaa. Elise ya mwaka 1996 ilirudia somo kwa vifaa vipya: chesisi ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi, yenye uzito wa kilo 68 hivi, na mikono miwili kwa kila gurudumu. Wepesi wake ndio uliowaruhusu Lotus kutumia springi za upole, kwa sababu springi inapimwa dhidi ya kile inachobeba. Hesabu yake ni kali: ukitaka bodi itikisike kwa kasi maradufu, inakubidi uongeze ugumu wa springi mara nne. Anayenunua springi ngumu maradufu anadhani amehamia dunia nyingine, kumbe amepiga hatua ambayo sehemu yake kubwa anaisikia mgongoni.

Sehemu ya historia ninayoiona kuwa tajiri kuliko zote, na inayosahauliwa kuliko zote, ni ya shokapu. Springi hubeba, shokapu ndiyo inayoamua gurudumu lisogee kwa haraka gani. Shokapu za kawaida za mafuta zilikuwa na udhaifu mkubwa kwa wanaokimbia: ndani yake mafuta na hewa vilikaa chumba kimoja, na baada ya kutikiswa kwa dakika kadhaa mafuta yakageuka povu. Povu halizuii kitu. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alitenga mafuta na gesi kwa pistoni inayoelea ndani ya bomba moja, na gesi ikiwekwa chini ya shinikizo kubwa, mafuta hayakupata nafasi ya kutoa povu. Bilstein wa Ujerumani waliichukua teknolojia hiyo katikati ya miaka ya 1950, na kufikia 1957 ilikuwa ikienda kwa Mercedes-Benz. Uholanzi kulikuwa na Koni, kampuni iliyoanza mwaka 1857 kwa kutengeneza vifaa vya kufungia farasi, ambayo ilijulikana kwa shokapu zinazoweza kurekebishwa. Marekebisho hayo yaliwekwa ili kurudisha nguvu ambayo shokapu imeipoteza kwa kuchakaa. Leo kitufe cha marekebisho hayohayo kinauzwa kama mlango wa kuongeza ugumu, na wengi hukizungusha hadi mwisho siku ya kwanza, wakidhani mwisho ndio ubora. Kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya matunzo kimegeuzwa pambo la nguvu.

Mpinzani mwenye akili atauliza kuhusu Formula 1. Ni hoja nzito. Baada ya Lotus 79 kumpa Mario Andretti ubingwa wa mwaka 1978 kwa kuvutwa kwenye lami na hewa iliyopita chini ya gari, timu zilikimbilia ugumu, na kufikia 1981 na 1982 magari yalikuwa karibu hayana springi, madereva wakitikiswa hadi macho yakashindwa kuona vizuri. Yalikuwa na kasi, bila shaka. Lakini yalihitaji ugumu kwa sababu hewa ilidai kimo kisichobadilika, na hewa ile ililipa mshiko mkubwa kuliko ule uliopotea kwenye mikunjo ya lami. Sakafu bapa ilipoamriwa mwaka 1983, sehemu kubwa ya malipo hayo ikaondoka. Wahandisi wenyewe hawakuupenda ugumu ule. Walitafuta namna ya kuuepuka, na wakaipata kwenye mitambo ya haidroliki inayoongozwa na kompyuta: Ayrton Senna alishinda Monaco na Detroit mwaka 1987 akiwa na Lotus ya namna hiyo, na Williams FW14B ikamfanya Nigel Mansell bingwa mwaka 1992, kabla ya mitambo hiyo kupigwa marufuku kuanzia msimu wa 1994. Gari la mtu binafsi lenye matairi ya barabarani, lisilo na bawa la maana, halina hewa ya kulilipa fidia. Kuiga ugumu wa Formula 1 bila hewa yake ni kulipa gharama na kuacha faida.

Wengine husema ulaini ni wa barabara mbovu, wakikumbuka Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 kwa miguu mirefu yenye kuvumilia mashimo. Saketi, wanasema, ni lami kama kioo. Si kweli. Nordschleife ya Nürburgring, iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo mpaka leo mtu wa kawaida hulipia na kuingia na gari lake, ina karibu kilomita 21 zenye vilima vinavyolinyanyua gari, mabonde yanayoligandamiza na kingo ambazo gurudumu hupanda. Hata saketi laini ina kingo. Gari lililoshushwa hadi likafika karibu na raba za mwisho wa springi linaonekana zuri likiwa limeegeshwa, lakini bonde la kwanza likilifikisha kwenye raba hizo katikati ya kona, ugumu hupanda ghafla na tairi huachia. Kwenye magari ambayo shokapu ya mbele ndiyo pia nguzo inayolisimamisha gurudumu, kama BMW M3 ya kwanza ya mwaka 1986, kuna adhabu nyingine: ukilishusha kupita kiasi, mkono wa chini hupanda kuelekea gurudumu, na nukta ambayo bodi huizunguka inapolala hushuka kwa kasi kuliko uzito wa gari wenyewe. Mwenye gari ameshusha bodi ili isilale, na kumbe ameipa nguvu zaidi ya kulala.

Hoja ambayo naiheshimu kuliko zote ni ya mfuko. Mwenye gari anasema: vipuri vya asili ni ghali, seti ya springi na shokapu za biashara ni rahisi kufunga, kwa nini nisinunue kipya kilicho bora? Chukua mfano wa Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 na kuwa mojawapo ya magari yanayoonekana zaidi kwenye siku ambazo wenye magari binafsi huyapeleka saketi. Ina mikono ya juu na ya chini kwenye magurudumu yote manne, na kwa hiyo ina bushi nyingi za raba kwenye viungo vya mikono hiyo, ambazo zimepasuka na kukauka kwa umri. Bushi iliyokufa huuacha mkono wa gurudumu ucheze, na gurudumu hubadilisha uelekeo kila dereva anapofunga breki au kukanyaga mafuta. Springi ngumu hazitibu hilo. Zinaongeza nguvu inayouchezesha mkono uleule. Zaidi ya hapo, bolti za kurekebishia alaimenti, yaani uelekeo wa magurudumu, kwenye gari hilo hushikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na hapo hakuna alaimenti inayowezekana, hata ukiwa na shokapu za bei gani. Seti mpya kwenye miguu ya namna hiyo ni fedha iliyowekwa juu ya kutu. Bushi, boljointi na raba za mwisho, kisha alaimenti, ndizo zinazolirudisha gari kama lilivyobuniwa. Na mara nyingi mwenye gari akishalirudisha, hitaji la springi ngumu hupungua au hutoweka.

Sisemi maboresho hayana nafasi. Shokapu bora zinazolingana na springi za asili ndizo ninazoziona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote, na springi zilizokazwa kwa kiasi zina maana pale matairi yenye mshiko mkubwa yanapolielemea gari. Bushi za plastiki ngumu nazo zinafaa pale mkono unapozunguka kwenye mhimili mmoja tu. Mahali ambapo bushi inapaswa pia kujipinda, plastiki hukwama, na mkwamo huo huwa springi ya ziada ambayo hakuna aliyeihesabu. Kwenye Lotus Elise za kizazi cha pili, wanaozikimbiza saketi hukagua fimbo za nyuma zinazoshikilia uelekeo wa magurudumu, na wengi huziimarisha. Hilo ni boresho ninaloliunga mkono bila kusita, kwa kuwa linakaza kitu kisichopaswa kusogea.

Raba mpya nazo zina sharti lake. Bushi za raba hazizunguki kwenye bolti. Hujinyonga, na upande mmoja na mwingine wa mnyongo huo hupimwa kuanzia pale bolti ilipokazwa. Fundi akizikaza gari likiwa limenyanyuliwa na magurudumu yananing'inia, kila bushi itaishi ikiwa imenyongwa muda wote gari lisimamapo, itaongeza ugumu usiotakiwa na itachanika mapema. Bolti hizo hukazwa mara ya mwisho gari likiwa chini, limebeba uzito wake kamili, na ndipo alaimenti hupimwa.